Timu Hukaa Wapi? Safari ya Awendo hadi Magunga

Matatu iliniteremsha Awendo saa mbili asubuhi, siku ya Ijumaa. Trekta iliyosheheni miwa ilikuwa imesimama kando ya barabara, na watoto wawili wa shule walikuwa wakichomoa miwa kwa nyuma huku dereva akijifanya hawaoni. Harufu ya molasi ilikuwa ileile ya miaka yote: nzito, tamu, yenye kukwaruza koo kidogo. Kwangu mimi ni harufu ya utoto. Mjomba wangu alikuwa fundi mjini hapa, na likizo nyingi nilizimalizia kwake. Siku za mechi alikuwa akinishika mkono tukatembea pamoja hadi Green Stadium, akininunulia njugu za kutafuna mpaka kipenga cha mwisho.

Mwisho wa safari yangu ulikuwa Magunga, makao makuu ya Suba Kusini katika kaunti ya Homa Bay. Rafiki yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amenialika kutazama fainali ya mashindano ya vijiji. Ningeweza kwenda moja kwa moja, lakini nilikusudia kupita Awendo kwanza. Kwa muda mrefu nimekuwa na swali ambalo halinitoki: timu ya mpira hukaa wapi? Hukaa kwenye hati za usajili, kwenye mfuko wa mwenye kuilipia, au kwa watu wanaoiita yetu? Niliona Awendo ndipo pa kuanzia kuuliza.

Mwaka 2006 SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha South Nyanza, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Kombe lilikuja kwenye mji wa miwa, katika kaunti tunayoiita sasa Migori, likazipita klabu za Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mjomba alilia siku ile. Sikuwahi kumwona akilia kabla, hata msibani.

Lango la uwanja lilikuwa limefungwa. Mzee mmoja alikuwa ameketi kivulini karibu nalo, redio ndogo mapajani.

“Oyawore, mzee.”

“Oyawore ahinya, wuoda. Umekuja kuona nini na leo hakuna mechi?”

“Nimekuja kuona uwanja tu, mzee.”

Alinitazama kwa makini, kisha akapunguza sauti ya redio. “Uwanja upo. Timu ndizo huja zikaenda.”

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Agosti 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa mdhamini wa ligi kuu, iliondoa pesa zake zote katika michezo ya Kenya kufuatia mvutano na serikali juu ya kodi na leseni. Klabu kubwa ziliyumba na ndogo zikaanguka. Kiwanda cha Awendo chenyewe kilikuwa kimelemewa na madeni, na msimu huo wa 2019/20 SoNy Sugar ilishindwa kufika uwanjani mara tatu. Kanuni za ligi hazina huruma kwa jambo hilo: ukikosa mechi tatu, unaondolewa. Bingwa wa 2006 akatoka ligi kuu si kwa kufungwa uwanjani, bali kwa kukosa nauli.

Kisha mwaka 2024 ikapanda timu nyingine, Mara Sugar, ikaufanya uwanja huu wa Awendo kuwa nyumbani kwake. Mpira wa ligi kuu ukarudi. Nilimuuliza mzee kama anaishangilia timu mpya kama alivyoishangilia ile ya zamani. Alikaa kimya kidogo.

“Naishangilia,” akasema. “Mtoto wa kambo naye ni mtoto. Lakini ile ya kwanza nilimjua baba wa kila mchezaji.”

Nilimwachia pesa ya chai, nikarudi stendi.

* * *

Kutoka Awendo nilirudi Rongo, kisha nikashika barabara ya Homa Bay. Ukifika Rodi Kopany kuna njia panda, na njia ya kushoto huenda Ndhiwa, nchi ya Kanyamwa. Nilimwomba kondakta anioneshe upande huo, akanyoosha mkono kuelekea vilima vilivyofifia kwa joto. Huko ndiko alikoishi Gor Mahia wuod Ogada, mganga na kiongozi wa Kanyamwa ambaye sifa zake za miujiza zilienea nchi yote ya Waluo. Wazee husimulia kwamba adui walipomfuata aligeuka kila umbo alilotaka, wakapita karibu naye wasimwone.

Mwaka 1968 klabu mpya ya mpira ilipoundwa, ilipewa jina lake. Mwaka 1987 klabu hiyo ilitoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis, ikarudi Kasarani, Nairobi, ikatoka sare ya 1-1, ikabeba Kombe la Washindi Afrika kwa faida ya mabao ya ugenini. Ndiyo klabu ya Kenya yenye mataji mengi ya ligi kuliko zote. Mwaka 2024 ilifikisha la 21. Lakini makao yake ni Nairobi tangu kuzaliwa. Jina limetoka Kanyamwa, mashabiki wametapakaa kando ya ziwa lote, na mechi huchezwa zaidi ya kilomita mia tatu kutoka hapa.

Sisemi hili kwa kulalamika. Waluo waliokwenda mjini kutafuta kazi katika reli, bandari na mashirika ndio waliojenga klabu hiyo, na walipoijenga walikuwa wanajenga nyumba ya pili ugenini. Huo ni uhamaji wa halali: watu walihama kwanza, timu ikawafuata. Ndiyo maana haikupotea. Shabiki wa Gor Mahia aliyeketi jukwaani Nairobi na yule anayesikiliza redio mashuani huko Karungu wanaimba wimbo uleule.

Nilifika Homa Bay mchana. Uwanja wa kaunti, unaoitwa sasa Raila Odinga Stadium, ndio ulioandaa sherehe za kitaifa za Madaraka tarehe 1 Juni 2025, na jukwaa lake linaonekana ukiwa bado mbali. Ni uwanja mzuri. Gor Mahia wenyewe wamewahi kuja kucheza hapa. Shabana ya Kisii pia, baada ya kurudi ligi kuu mwaka 2023 ikiwa imekaa nje miaka 17, ililazimika kuleta hapa baadhi ya mechi zake za nyumbani.

Hapo pana jambo la kutazama kwa karibu, kwa sababu soka ya Kenya imelizoea mno hata hailioni tena. Neno “nyumbani” katika ratiba ya ligi yetu limekosa maana. Sofapaka, bingwa wa 2009, ni timu iliyozaliwa Eastlands ya Nairobi, lakini imewahi kuita Machakos nyumbani na Wundanyi nyumbani. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi iliyoundwa 1995, iliishi Nakuru miaka mingi na kuchukua mataji manne ya ligi, kisha ikahamia uwanja wake Lang'ata. Sababu huwa ileile: uwanja umefungwa kwa ukarabati, uwanja haujafikia viwango, uwanja umeombwa kwa mkutano wa siasa. Timu hufunga virago. Shabiki hubaki na skafu.

Majirani zetu wa Tanzania wamekwenda mbali zaidi. Novemba 2022 Ihefu, timu ya Mbarali mkoani Mbeya, iliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga haikuwa imepoteza. Mbarali ilikesha. Haikupita hata miaka miwili, timu hiyohiyo ikahamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Mwaka huohuo Singida Fountain Gate nayo ikatoka Singida, ikaacha jina la mji huo, ikaenda kuchezea Babati mkoani Manyara. Yote yalifanyika kwa kufuata taratibu. Singida wakapata timu yenye nguvu, wakaishangilia, na nani awalaumu? Ila mimi huwaza kuhusu mtoto wa Mbarali aliyekuwa uwanjani siku ile Yanga ilipolala. Leo akitaka kusimulia, ataanza na jina ambalo halipo tena kwenye msimamo wa ligi.

* * *

Barabara ya Homa Bay kwenda Mbita hupita kando ya Bonde la Lambwe. Upande wa kushoto ipo njia ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120 za nyasi ndefu na migunga. Kwa miaka mingi bonde hili lilikimbiwa kwa sababu ya ndorobo na ugonjwa wa malale. Watu walipoondoka wanyama walibaki, na leo Ruma ndiyo mahali pekee nchini Kenya ambapo swala mkubwa aitwaye korongo bado anaishi porini.

Dereva wa gari nililopanda alikuwa amefanya kazi ya kuongoza watalii. Tulipopita alinieleza kisa ambacho sikukitarajia kwenye safari ya mpira. Miaka ya 1970 korongo wengine, kutoka vilima vya Ithanga, walikamatwa wakahamishiwa Shimba Hills, pwani, wakiaminiwa watakuwa salama. Walipewa ulinzi na msitu wa kijani. Hawakudumu, leo hakuna hata mmoja kule.

“Mnyama hahamishwi kwa lori tu,” akasema. “Lazima uhamishe na majani yake.”

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari palepale, na mwandiko wangu ukayumba kwa mashimo ya barabara.

Tulifika Mbita saa kumi. Daraja linalounganisha nchi kavu na kisiwa cha Rusinga lilikuwa limejaa bodaboda, na maji yalikuwa yakipita chini yake kwa utulivu. Sikuvuka. Nilipanda gari la Sindo, na huko Sindo, ufukweni, nikakuta kitu kilichonirudisha kwenye swali langu kwa njia nyingine kabisa.

Ilikuwa barafu.

Lori la samaki lilikuwa limerudi kinyumenyume karibu na mizani. Mama mmoja mwenye leso kiunoni alikuwa akivunjavunja bonge la barafu kwa mpini wa shoka, akizimwaga chembe zake kwenye kreti. Kila akimaliza safu ya mbuta alitandaza safu ya barafu, akapiga kofi juu yake kama anayefunga sanduku. Maji yaliyoyeyuka yalichora mfereji mwembamba mchangani hadi ziwani, na vifaranga vya kuku vilikuwa vikinywa humo. Barafu hapa ina thamani ya pesa taslimu. Ikichelewa saa mbili, mbuta wa kiwanda anakuwa mbuta wa kukaangwa sokoni.

Kijana aliyekuwa akibeba kreti aliniuliza naandika nini. Nikamwambia nafuata habari za timu zinazohama. Nikamweleza pia kwamba Nairobi, katika hoteli ya Panari iliyoko Mombasa Road, kuna uwanja wa barafu tangu mwaka 2005, na kuna Wakenya wanaocheza hoki juu yake. Wanaitwa Ice Lions. Kwa miaka mingi hawakuwa na wapinzani wa kucheza nao nchini, wakawa wanagawanyika na kucheza wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, wakacheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Septemba 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

“Barafu ya kuchezea,” kijana akarudia taratibu, akiutazama mfereji wa maji miguuni pake. “Na haiyeyuki?”

“Mitambo huigandisha usiku na mchana.”

“Basi hiyo timu haiwezi kuhama,” akasema. “Ikiacha mitambo, imekwisha.”

Alikuwa amelifikia jambo kwa hatua moja. Nyumbani kwa mchezo huo, Amerika Kaskazini, timu huhama, na huhama kwa mabilioni. Ligi yao kuu, NHL, ina timu 32 na haina kupanda wala kushuka daraja. Nafasi hununuliwa. Mji usio na timu unazo njia mbili: tajiri wake alipe ada ya kuanzisha timu mpya, au anunue timu ya mji mwingine na kuihamisha. Mwaka 1995 timu ya mji wa Quebec, Nordiques, iliuzwa ikahamishiwa Denver, jimbo la Colorado. Msimu wake wa kwanza tu huko, mwaka 1996, ikachukua Kombe la Stanley. Watu wa Quebec walitazama kwenye televisheni vijana waliowakuza wenyewe wakiinua kombe wakiwa na jezi ya wengine. Mwaka 2015 walifungua uwanja mkubwa wa kisasa, wakitumaini kurudishiwa ligi. Hadi leo hawajarudishiwa.

Lakini haki inanitaka nitaje na upande wa pili. Las Vegas ni mji wa jangwani, na mwaka 2016 ulipewa timu mpya kwa ada ya dola milioni 500. Wengi walibeza. Mmiliki, Bill Foley, alikuwa ameanza kwa kuwauliza wenye mji: hata kabla ligi haijakubali, aliwaomba walipe amana ya tiketi za msimu, na tiketi zaidi ya 10,000 zikalipiwa. Kisha tarehe 1 Oktoba 2017, siku chache kabla ya mechi ya kwanza, mtu mwenye bunduki aliwaua watu 58, kwa hesabu ya wakati ule, kwenye tamasha la muziki mjini humo. Timu ile changa, iliyoundwa kwa kuokota mchezaji mmoja kutoka kila klabu ya ligi, ilikwenda kwenye vituo vya kuchangia damu na kuwatembelea waokoaji. Jezi namba 58 ikawekwa pembeni isivaliwe na mchezaji yeyote. Hapo mji ukasema: hawa ni wetu. Mwaka 2023 wakachukua kombe.

Kwa hiyo mgeni anaweza kuwa mwenyeji. Kinachompa uenyeji ni kuulizana na watu kabla ya kuja, na kukaa nao siku ya msiba.

* * *

Niliingia Magunga giza likianza. Vilima vya Gwassi vilikuwa vimesimama upande wa machweo kama ukuta, na taa za soko zilikuwa zikiwaka moja moja. Mwalimu alinipokea kwa bodaboda, tukala ugali na omena za kukaanga nyumbani kwake, kisha akanipeleka kwenye kibanda cha kutazamia mpira. Mabenchi ya mbao, runinga moja juu kwenye kona, vijana kama sitini wamebanana. Nusu walikuwa na jezi za Arsenal na Manchester United. Ligi ya Uingereza imepanuka hadi Magunga bila kuhamisha hata mpira mmoja. Imewafikia kwa setilaiti, na kila wikendi vijana hutoa mifukoni sarafu wanazopata kwa kuvua na kubeba mizigo kuzilipia timu ambazo hazitakuja kuwajua.

Waingereza wenyewe, nilimwambia mwalimu wakati wa mapumziko, waliwahi kuhamisha timu na wakajuta. Mwaka 2002 Wimbledon ya London iliruhusiwa kuhamia Milton Keynes, mwendo wa kilomita tisini hivi. Mashabiki hawakukubali. Mwaka huohuo walijiundia klabu yao, AFC Wimbledon, wakawafanyia vijana majaribio kwenye bustani ya umma, wakaanzia madaraja ya chini sana. Mwaka 2011 walikuwa wamepanda hadi ligi ya kulipwa, na mwaka 2020 walirudi Plough Lane, mtaa wao wa zamani.

Mwalimu alitikisa kichwa. “Walianzia chini sana,” akasema. “Sisi tuko huko chini tayari. Tunachokosa ni mahali pa kuanzia.”

Kesho yake asubuhi nilimwelewa. Uwanja wa fainali ulikuwa kiwanja cha shule, na kiwanja hicho kina mteremko. Ukisimama kwenye goli la juu unaliona la chini kama unatazama kutoka dirisha la ghorofa. Milingoti ilikuwa ya mkaratusi mbichi, bado inatoa utomvu. Saa nne mwalimu alichukua debe lililotobolewa chini, akalijaza majivu ya jikoni, akatembea nalo taratibu kuzunguka uwanja huku watoto wakimfuata nyuma kuhakikisha mstari umenyooka. Upepo wa ziwani ulipovuma ulifuta kona moja. Akarudi, akaichora upya. Ilipofutika tena, akaichora mara ya tatu.

Chini ya mti, dume la ng'ombe lilikuwa limefungwa kamba. Ndilo kombe. Mshindi wa pili angepata mbuzi.

Timu zilikuwa mbili: wavuvi wa ufukweni na wakulima wa milimani. Watu walianza kufika saa sita, akina mama na viti vyao vya plastiki, wazee na fimbo, wanafunzi wamepanda juu ya ukuta wa choo. Kufikia saa nane mistari ya majivu haikuonekana tena kwa miguu ya watu. Nimekaa katika majukwaa ya Kasarani na Nyayo. Sijawahi kusikia ukimya kama ule uliotanda hapa mchezaji wa milimani alipoweka mpira kwenye nukta ya penalti, dakika za mwisho, timu zikiwa sare ya bao moja.

Kipa wa ufukweni ana miaka kumi na tisa. Usiku uliotangulia alikuwa ziwani akivua omena kwa taa hadi alfajiri, akashuka mashuani, akalala kwa muda wa saa tatu, akavaa glavu. Aliruka kulia kwake akautoa mpira kwa ncha za vidole. Sikuona kilichofuata kwa sababu uwanja wote uliingiwa na watu. Wavuvi walishinda baadaye kwa mikwaju, na dume likaondoka likisindikizwa kwa ngoma na filimbi kuelekea ufukweni.

Nilimtafuta kipa jioni. Nilimkuta amekaa juu ya ukingo wa mashua, miguu majini.

“Mdogo wangu, umewahi kujaribiwa na klabu kubwa?”

“Mara mbili, kaka. Walinipenda. Waliniambia nije mazoezini kila siku.” Akaonesha ziwa kwa kidevu. “Kutoka hapa, kila siku. Nauli ya wiki moja ilikuwa pesa ya mama ya mwezi. Nikarudi.”

“Ungependa timu kubwa ihamishiwe huku?”

Alifikiri kwa muda mrefu, kuliko nilivyotegemea. “Ikija, nitaishangilia. Lakini hao watakuja na kipa wao.”

* * *

Jibu hilo nimerudi nalo Nairobi, na sasa naliweka mezani kwa kila anayehusika na mpira katika nchi hii.

Sisi tuna bahati ambayo Quebec hawana. Katika mpira wetu nafasi hainunuliwi kwa dola milioni mia tano. Ngazi ipo: ligi ya kaunti, madaraja ya mkoa, ligi ya Supa ya taifa, kisha ligi kuu. Kijiji chenye vijana kumi na wanane na uvumilivu kinaweza kuanza kupanda kesho. Migori Youth wamepanda ngazi hiyo. Mara Sugar wameipanda hadi juu. Hakuna sheria inayoizuia Magunga. Kinachoizuia ni uwanja wenye mteremko unaokataliwa na kila mkaguzi wa ligi, na nauli inayomrudisha kipa ziwani.

Ndiyo maana sioni suluhisho katika kuhamisha timu ya watu wengine tukaibandika jina jipya, wala katika kuleta mechi moja kubwa mjini kwa mwaka tukaita hayo maendeleo ya michezo. Mechi hizo ni nzuri, watu huzifurahia, nami huzifurahia. Lakini jioni wageni hupanda basi wakaondoka, na kiwanja cha shule hubaki na mteremko wake. Yule dereva wa Lambwe alisema ukweli: ukimhamisha mnyama, hamisha na majani yake. Majani ya timu ni uwanja, ligi ya vijana inayochezwa kila wiki bila kukosa, kocha anayelipwa, na watu wanaomjua baba wa kila mchezaji. Penye majani hayo timu huota yenyewe.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti kazi ya michezo na viwanja vyake. Kazi hiyo ni ya Homa Bay na ni ya Migori, nayo haimalizwi kwa uwanja mmoja wa makao makuu. Naziomba kaunti hizi mbili ziweke katika bajeti ijayo kiwanja kimoja kilichosawazishwa katika kila kaunti ndogo, chenye uzio, vyoo, maji na chumba cha kubadilishia nguo. Naliomba shirikisho la soka lipeleke ligi ya vijana Suba Kusini, badala ya kusubiri vijana wa Suba Kusini waifuate mjini. Na nawaomba wana wa Suba, Gwassi na Nyatike walioko Nairobi, Mombasa na ng'ambo, wale wanaochangia kila wikendi kwa ajili ya jezi za klabu za mbali, wachangie pia mahali hapa.

Anzeni na kiwanja cha Magunga. Mteremko wake unaelekea ziwani, udongo wake ni laini, na mwalimu mwenye debe la majivu anawangoja.